Maswali na Majibu: Mteja Anapolipia Kipengele Kipya

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mteja anataka programu ifanye kitu ambacho bado haifanyi, na yuko tayari kutoa pesa. Waulizaji wako pande zote mbili za meza, wanaouza na wanaonunua. Majina tumeyaacha.

Wahariri, salaam. Tunauza programu ya uhasibu kwa usajili wa mwezi. Mteja wetu mkubwa anataka kila ankara iidhinishwe na watu wawili kabla ya kulipwa, na amesema gharama yote ni juu yake. Kuna sababu yoyote ya kusita?

Ipo. Kabla ya kuuliza atalipa kiasi gani, ulizeni nani mwingine atakitumia. Pitieni maombi ya wateja ya miezi 12 iliyopita na mhesabu ni wangapi waliomba kitu hicho au ndugu yake. Jibu litawaweka katika moja ya hali tatu, na kila hali ina bei yake.

Kama kipengele kilikuwa tayari kwenye mpango wenu, mteja analipia kuruka foleni tu. Mtozeni hiyo nafasi, na mwambieni waziwazi kwamba ndicho anachonunua. Ukimtoza mtu gharama nzima ya kitu ambacho mngekitengeneza hata kama angenyamaza, siku moja atakikuta kwenye orodha ya vipengele wanavyopewa wengine bila malipo, na mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa matamu.

Kama hakikuwa kwenye mpango lakini wengine watakifurahia, gawaneni gharama. Nusu hadi theluthi mbili kwa mteja ni mgawanyo unaotetewa kwa urahisi, nanyi mnabaki na haki zote. Idhini ya watu wawili iko hapa, maana karibu kila taasisi yenye mkaguzi hutaka anayeandika ankara asiwe ndiye anayeilipa.

Kama ni yeye peke yake duniani anayekihitaji, alipe gharama yote pamoja na matunzo ya kila mwaka. Bora zaidi, kijengwe nje ya programu kikizungumza nayo kwa API (njia ya programu mbili kupeana data), ili siku akiondoka mkizime bila kugusa kitu kingine.

Mbali na hizo tatu kuna maombi ya kukataliwa. Yanayobadilisha kiini cha programu, kwa mfano kuruhusu miamala iliyofungwa ifunguliwe na kuandikwa upya, yakataeni hata akiongeza dau. Angalieni pia uzito wa mteja mwenyewe. Akifika theluthi ya mapato yenu kwa kazi za kuagiza, ninyi si kampuni ya programu tena, mmekuwa idara yake ya kompyuta isiyo na bima ya ajira.

Zoezi moja dogo kabla ya kusaini: andikeni kwa jina ni kazi gani itawekwa kando ili hii ifanyike. Kama hakuna aliye tayari kuandika hilo jina, hamna nafasi ya kuifanya.

Kampuni imeniambia kitufe kimoja cha "Idhinisha" ni siku 30 za kazi. Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni, anasema ni siku mbili. Nani ananidanganya?

Hakuna. Mpwa wako anahesabu kitufe, kampuni inahesabu yanayotokea mtu akishakibonyeza.

Tazama mfano huu. Mhasibu ameingiza ankara, meneja ameidhinisha ngazi ya kwanza, kisha mhasibu akarudi kurekebisha kiasi. Ile idhini ya meneja inabaki au inafutika? Lazima ifutike, la sivyo umewafungulia watu mlango wa wizi. Mtu mmoja akiwa na ruhusa za ngazi zote mbili, aweze kuidhinisha mara mbili? Mkurugenzi akienda likizo nani anamkaimu, na ruhusa ya kaimu inakoma lini? Ankara zilizokuwa nusu ya safari siku kipengele kinapowashwa zihesabiwe zimeshapita au zirudi mwanzo? Zinazoingia kwa API bila mtu kugusa skrini, nazo zisimame wapi? Na mkaguzi akija mwakani akauliza nani aliidhinisha nini na saa ngapi, jibu litatoka kwenye jedwali gani?

Ukishajibu maswali hayo, siku 30 huanza kuonekana. Uchambuzi 3. Usanifu wa hifadhidata na skrini 2. Kuandika msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, 9, nazo zigawanywe zaidi: sheria za idhini 4, skrini 2, barua pepe za taarifa 1, API 2. Majaribio 5. Kuhamisha data ya zamani 2. Mwongozo wa mtumiaji 2. Kusakinisha na kupitia pamoja nawe 2. Jumla ni 25, na akiba ya asilimia 20 inaongeza 5. Umeona basi kwamba msimbo wenyewe haufiki hata theluthi.

Usibishane kuhusu jumla, omba mchanganuo. Mstari wowote unaozidi siku 4 au 5 uvunjwe vipande, kwa sababu namba kubwa isiyo na vipande ni dalili kwamba bado hawajafikiri. Mchanganuo usio na mstari wa majaribio au wa data ya zamani ni wa kuogopesha kuliko ulio ghali, kwani kazi hizo zitafanyika tu, ila zitafanyika kwa haraka na kwa mkopo. Kumbuka pia umri wa makadirio. Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha mwaka 1981 kwamba namba inayotolewa wakati wazo bado ni changa inaweza kukosea mara nne, kwa juu au kwa chini. Namba uliyopewa kwenye simu si bei, ni salamu.

Ukitaka kupunguza gharama, punguza kazi, usipunguze siku. Ukiacha suala la kaimu na njia ya API hadi awamu ya pili, kazi hiyo inaweza kushuka hadi karibu siku 22. Ukilazimisha siku 22 kwa kazi ileile, yatakayokatwa ni majaribio.

Tumelipia kipengele chote kwa pesa zetu. Sasa tunasikia washindani wetu nao wanakitumia. Si mali yetu?

Kama mkataba haukusema hivyo, kuna uwezekano mkubwa si yenu. Katika nchi nyingi hakimiliki ya programu hubaki kwa aliyeiandika au kwa mwajiri wake, na kulipa ankara peke yake hakuhamishi chochote. Uhamisho hutaka hati iliyosainiwa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria inadai maandishi yenye saini ya mwenye haki ndipo umiliki uhame. Mlichonunua pasipo hati hiyo ni ruhusa ya kutumia.

Ila fikirini pia mngefanya nini na umiliki wenyewe. Kipengele kilichoshonwa ndani ya programu ya mtu hakisimami peke yake. Ni sawa na kumiliki mlango wa nyumba ya mwenzio: hati unayo, lakini huwezi kuubeba na nyumba si yako. Na mkishikilia umiliki, kampuni itabidi itenge msimbo wenu na wa wengine, na mtalipia utengano huo kila toleo jipya.

Kuna mambo yenye thamani zaidi ya kuomba kuliko umiliki. La kwanza ni muda wa kukitumia peke yenu, miezi 6 hadi 12 tangu kianze kufanya kazi, kisha kifunguliwe kwa wote. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo bei inavyopanda, na hiyo ni haki, kwa sababu mnamzuia muuzaji asirudishe gharama yake kwingine. La pili ni punguzo la usajili kila mteja mwingine anapokinunua, lenye kikomo: mkisharudishiwa nusu ya mlichotoa, limekwisha. La tatu ni msimbo wote kuwekwa kwa mtu wa tatu, pamoja na maelekezo ya kuujenga, utolewe kwenu kampuni ikifilisika. Sisitizeni hayo maelekezo. Msimbo usiojengeka ni karatasi tu.

Siri ya biashara ni jambo jingine. Kama kanuni zenu za kukokotoa bei ndizo zinazowapa ushindi, zisiandikwe kwenye msimbo kamwe. Ziwekwe kama mipangilio au jedwali kwenye akaunti yenu, kipengele kizisome kutoka huko. Hapo kila mtu anapata mashine, lakini mapishi yanabaki yenu.

Mwaka wa pili tumeletewa ada ya matunzo ya kipengele tulichokwisha kulipia. Ni halali?

Ni halali, mradi iliandikwa tangu mwanzo. Kwa kazi ya kuagiza, asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya awali kwa mwaka ni kawaida. Kwa kazi ya siku 30, asilimia 20 ni siku 6: kurekebisha hitilafu, kufuata mabadiliko ya hifadhidata na ya vivinjari, kukijaribu upya kila toleo linapotoka, na kujibu simu zenu. Katika miaka mitano mtakuwa mmekilipia mara ya pili, na mnunuzi wa kipengele anapaswa kuijua hesabu hiyo kabla hajaagiza.

Ada inapaswa kukoma siku kipengele kinapoingia kwenye programu ya kawaida na kuuzwa kwa wateja wote, maana tangu hapo matunzo yake yamo ndani ya usajili wa kila mtu. Sharti hilo mara nyingi husahaulika kwenye mkataba. Liombeni.

Tulipe bei moja ya jumla, au tulipe kwa siku? Na kazi tutajuaje imekamilika?

Kwanza tenganisheni uchambuzi na ujenzi. Lipieni siku 3 hadi 5 za uchambuzi kama kazi kamili yenye ankara yake, na matokeo yake yawe hati mnayoweza kuipeleka kwa mtu mwingine mkitaka. Baada ya hapo, kama hati iko wazi, chukueni bei ya jumla. Kama bado kuna maswali yasiyo na majibu, lipeni kwa siku lakini kwa kikomo, na kampuni iwape taarifa inapofika asilimia 70 ya kikomo hicho. Bei ya jumla juu ya hati yenye ukungu huzaa ugomvi: muuzaji atatafuta tafsiri fupi kuliko zote, ninyi mtatafuta ndefu kuliko zote.

Malipo yagawanywe: asilimia 30 mwanzoni, 40 kipengele kinapoonekana kikifanya kazi kwenye seva ya majaribio, 20 mnapokipokea, na 10 ya mwisho baada ya siku 30 za matumizi halisi. Hiyo 10 ndiyo inayofanya simu yenu ipokelewe.

Kuhusu kukamilika, "iwe rahisi kutumia" si kipimo. Kipimo kinaandikwa hivi: *Ankara iliyoidhinishwa ngazi ya kwanza ikibadilishwa kiasi, idhini inafutika, hali inarudi "Inasubiri", na meneja anapata barua pepe ndani ya dakika 5.* Mtu yeyote anaweza kukaa, kubonyeza, na kusema ndiyo au hapana. Sentensi 10 hadi 20 za namna hiyo zinatosha kwa kipengele cha ukubwa huu, na ziandikwe kabla msimbo haujaanza. Majaribio yafanyike kwa nakala ya data yenu halisi, majina na namba za akaunti zikiwa zimefichwa. Data ya kubuni haina makosa, na makosa ya data ndiyo yanayovunja programu.

Wekeni siku 10 za kazi za kujaribu. Mikataba mingi husema kimya baada ya hapo ni kukubali, kwa hiyo msikae kimya. Hitilafu inayozuia kazi inasimamisha upokeaji, kitufe kilichokaa vibaya hakisimamishi.

Mnaponunua, kosa kubwa huwa lenu wenyewe: anayesaini hati si anayetumia programu. Mtumiaji huitwa wiki ya mwisho, akatazama skrini, akasema "lakini sisi hatufanyi hivi." Mpeni mtu mmoja mamlaka ya kuamua, awe anaijua kazi ya kila siku, na ajibu maswali ndani ya siku 3. Jambo jipya likizuka katikati, liandikwe ukurasa mmoja wenye idadi ya siku zinazoongezeka na tarehe mpya, lisainiwe kwanza, ndipo mtu aguse kibodi.

Mteja ametulipa yote kabla hatujaanza. Tuandike mapato mwezi huu?

Hapana. Kabla ya kufanya kazi, pesa hizo ni deni mnalodaiwa na mteja. Chini ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuandika mapato inayotumika tangu 2018, swali ni kama kipengele ni huduma inayosimama peke yake au ni sehemu ya usajili. Kama mteja hawezi kunufaika nacho nje ya usajili wenu, huenda ikabidi mapato yasambazwe katika muda ambao mnatoa huduma. Mwoneni mhasibu kabla ya kusaini, si baada. Na wauzaji wenu wasiahidi kipengele kijacho ndani ya mkataba wa usajili "ili mteja atulie", kwa sababu ahadi hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kuwa ni kitu kilichouzwa, na sehemu ya mapato ikasubiri hadi kitolewe.

Programu tunayotumia ni huria, haina kampuni nyuma yake. Tukitaka kuongezewa kitu tumlipe nani?

Mlipeni mtu au kampuni ambayo tayari huandika msimbo wa programu hiyo na ambayo kazi zake hukubaliwa na wasimamizi. QGIS, programu ya ramani, ni mfano mzuri: katika maelezo ya matoleo yake, kipengele kilichofadhiliwa huandikwa nani alikilipia na nani alikitengeneza. Someni maelezo ya namna hiyo kwa programu yenu, mtapata majina ya kuanzia.

Mtego uko kwenye neno moja, kukubaliwa. Mnayemlipa si lazima awe ndiye anayeamua kinachoingia kwenye programu. Akiandika msimbo mzuri na wasimamizi wakaukataa, mmebaki na kiraka ambacho mtakibandika upya kila toleo. Kwa hiyo kabla pesa haijatoka, pendekezo lipelekwe kwa wasimamizi kwa maandishi na mpate walau "wazo linakubalika". Kisha gawaneni malipo: sehemu kubwa msimbo unapowasilishwa kwa kufuata taratibu za mradi, na asilimia 20 hivi unapoingia. Msimwekee malipo yote kwenye kuingia, hilo haliko mikononi mwake.

Mnaweza pia kuchanga na watumiaji wengine. Mwaka 2002 watu walichangia euro 100,000 katika wiki saba ili msimbo wa Blender, programu ya picha za 3D, ufunguliwe kwa umma, na ukafunguliwa. Huo haukuwa mchango wa kipengele kimoja, lakini unaonyesha nguvu ya kuwa na lengo. Kwenu, kila mmoja aahidi kwa maandishi, na asitozwe yeyote hadi jumla itimie. Mkianza kazi na nusu ya pesa, yule wa mwisho hatatoa, kwa sababu ameshaona kitu kinakuja hata akikaa.

Shikamooni wahariri. Mteja mmoja alilipia mabadiliko, tukamtengenezea nakala yake ya programu. Baadaye wakaja wawili wengine. Sasa tuna matoleo manne, na kila hitilafu tunairekebisha mara nne. Tunatokaje?

Marahaba. Anzeni kwa kuzifunga hizo nakala: marekebisho ya hitilafu tu, hakuna kipya kinachoingia, na wateja waambiwe tarehe.

Kisha toeni orodha ya tofauti za kila nakala na programu kuu, mzipange. Washeni kumbukumbu za matumizi kwa siku 90, kwani baadhi ya mabadiliko yaliyolipiwa kwa kelele hayaguswi na mtu. Hayo muulizeni mteja, myaondoe. Mengine ni mipangilio iliyojificha: nembo, kiwango cha kodi, mpangilio wa safu kwenye ripoti. Yahamisheni kwenye ukurasa wa mipangilio. Yanayobaki ndiyo vipengele vya kweli. Yaingizeni kwenye programu kuu nyuma ya swichi (mpangilio wa kukiwasha au kukizima kipengele kwa kila mteja), moja moja, kila moja na majaribio yake, mkianza na mteja mwenye tofauti chache ili mjifunze kwa gharama ndogo.

Swichi nazo zina sumu yake. Swichi 10 zinazojitegemea zina mchanganyiko 1,024, wala hakuna atakayeujaribu wote. Kila moja iwe na mwenyewe na tarehe ya kutazamwa upya. Inayowashwa na wateja wengi igeuzwe kuwa tabia ya kawaida, na swichi ifutwe.

Gharama ya kuhama beba wewe, usimpelekee mteja ankara. Yeye alinunua kipengele, uamuzi wa kumtengea nakala ulikuwa wenu. Mnachoweza kumtoza kuanzia hapo ni matunzo, na kwa kuwa sasa atakuwa anapata kila toleo jipya siku linapotoka badala ya kusubiri nakala yake ifikiwe, mara nyingi hatabisha.